Nilipoiuliza Tarakilishi Kumbukumbu Yake

Wahenga walituachia usemi kwamba kuuliza si ujinga. Ni usemi nilioufundisha darasani nilipokuwa katika mazoezi ya ualimu, nikautungia sentensi na kuwaagiza wanafunzi wauandikie insha, wala sikuwahi kuhisi kwamba unanihusu mimi mwenyewe. Nilikuja kuuelewa mwaka 2023 mjini Bungoma, nikiwa nimeketi mbele ya kipakatalishi kilichonigharimu mauzo ya magunia manne ya mahindi ya mama yangu. Mpenzi msomaji, naomba radhi mapema. Makala haya yanahusu mashine, nami ni mwanafunzi wa fasihi. Lakini nikimaliza kusimulia, huenda utakubaliana nami kwamba kosa nililolifanya kwa mashine ndilo hilo hilo nililokuwa nimelifanya kwa binadamu, tena binadamu aliye babu yangu.

Kipakatalishi chenyewe nilikinunua Kitale, katika mojawapo ya maduka yanayouza vifaa vilivyokwisha kutumika ng'ambo. Kibandiko kilichokuwa juu yake kilisema kina kumbukumbu ya gigabaiti 8. Sikujua vyema maana ya tarakimu hiyo, ila mwenzangu mmoja wa shahada ya uzamili alikuwa ameniambia nisikubali chini ya hapo, kwa kuwa kazi yangu ilikuwa ya sauti. Tasnifu yangu ilihusu mtambaji katika fasihi simulizi ya Wabukusu, na nilikuwa nimerekodi kumuse, ile hotuba ndefu inayotolewa baada ya maziko ya mzee, ambapo msemaji husimama mbele ya waombolezaji akasimulia historia ya jamii na koo zake bila kuandikiwa hata neno moja. Familia ya marehemu ilikuwa imeniruhusu kurekodi. Msemaji alisema kwa muda wa saa nne.

Nilipojaribu kuifungua rekodi hiyo katika programu ya kusafishia sauti, mashine iliganda. Kishale kikakataa kusogea, kisha programu ikajifunga yenyewe ikidai kwamba kumbukumbu haitoshi. Nilirudia mara tatu, matokeo yakawa yale yale. Ndipo nilipofungua kidirisha kinachoonyesha shughuli za mashine, nikaona kwamba jumla ya kumbukumbu iliyoandikwa pale ilikuwa gigabaiti 3.2. Damu ilinichemka. Nilikuwa nimeuziwa mbuzi kwenye gunia!

Kesho yake nilirejea dukani. Nakiri mbele yenu, wasomaji wa jarida hili, kwamba nilimwita muuzaji mwizi mbele ya wateja wake. Nilitumia Kiswahili changu chote, methali kwa misemo, hata wapita njia wakasimama. Yule bwana hakupandisha sauti. Alisema tu, "Mwalimu, keti tukifungue, tukiangalie pamoja." Nilikataa. Niliogopa kwamba akikifungua ataondoa hata hicho kidogo kilichobaki. Nikaondoka nikimtishia polisi.

Siku iliyofuata nilipanda matatu kwenda Bungoma. Tulipita Kiminini, Kamukuywa na Misikhu, tukashika barabara kuu pale Webuye. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kumweleza binamu yangu, binti wa Senge, ambaye wakati huo alikuwa akisomea masuala ya tarakilishi katika Chuo Kikuu cha Kibabii. Nilitaka anipe ushahidi, si elimu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaninywesha chai, kisha akauliza, "Kaka, wewe umeiuliza mashine nini hasa?"

Nilimjibu kwamba sikuiuliza kitu, nilisoma nilichokiona. Akacheka. Akanieleza jambo ambalo nitajaribu kulisimulia kwa maneno ya nyumbani kwetu Trans Nzoia, maana ndivyo nilivyolielewa.

Programu yoyote inayofanya kazi ndani ya tarakilishi, alisema, ni mgeni aliyekaribishwa sebuleni. Haioni ghala. Haijui magunia mangapi yamo. Inapoanza kufanya kazi hupewa anwani zake yenyewe, ikaachwa idhani kwamba anwani hizo ndizo kumbukumbu. Lakini hizo ni anwani za kidhahania. Mwenye nyumba, yaani mfumo wa uendeshaji, ndiye anayejua kila anwani inaelekea wapi katika vipande halisi vya kumbukumbu. Huigawa kumbukumbu hiyo kwa kurasa. Katika tarakilishi nyingi za kawaida ukurasa mmoja una baiti 4,096. Ghala likijaa, mwenye nyumba huchukua kurasa ambazo hazijaguswa kwa muda, akazipeleka kwenye diski, ambako kuzisoma ni kazi ya polepole mno. Zikihitajika tena huzirudisha. Ndiyo maana mashine huganda kabla haijasalimu amri.

Basi mgeni akitaka kujua wingi wa mahindi afanyeje? Hawezi kuingia ghalani kuhesabu. Njia yake ni kumwuliza mwenye nyumba. Na hapa ndipo ugumu ulipo, kwa kuwa kuna maswali matatu yanayofanana kwa masikio lakini majibu yake ni tofauti. La kwanza: magunia mangapi yamo ghalani? La pili: kati ya hayo, ni mangapi ambayo mkono wako wewe mwenye nyumba unayafikia? La tatu: kati ya unayoyafikia, ni mangapi ambayo hayajachukuliwa na mtu sasa hivi?

Binamu yangu alifungua kipakatalishi changu, akaandika programu fupi kwa lugha ya Python, mistari isiyozidi ishirini. Aliniagiza niketi karibu naye na nisome kila mstari kwa sauti kama shairi. Programu ile ilimwita mwenye nyumba kwa jina la huduma yake, GlobalMemoryStatusEx, ambayo ndiyo njia ya kuuliza swali la pili na la tatu katika mashine zinazotumia Windows. Aliniambia kwamba ipo huduma nyingine ya zamani inayokaribiana nayo kwa jina, GlobalMemoryStatus, na kwamba hiyo haifai tena kutegemewa, kwani mashine ikiwa na zaidi ya gigabaiti 4 huweza kutoa jibu lisilo sahihi. Haikusudii kudanganya; nafasi iliyotengewa jibu lake ni finyu kuliko tarakimu yenyewe.

Jibu lilikuja: baiti bilioni 3 na milioni 400 na ushei. Tuligawanya kwa 1,073,741,824, idadi ya baiti katika gigabaiti moja kwa hesabu ya mashine, tukapata 3.2. Niliruka kwa furaha. "Umeona sasa? Mwizi yule!" Binamu yangu hakuinua macho. Aliongeza mistari mingine michache, akaita huduma ya pili iitwayo GetPhysicallyInstalledSystemMemory. Hii haiulizi mfumo unatumia kiasi gani. Husoma orodha ambayo mashine yenyewe huiandaa inapowashwa, kabla mfumo wa uendeshaji haujaamka, ikitaja vipande vya kumbukumbu vilivyofungwa ndani yake. Jibu lake huja kwa kilobaiti. Likatokea: 8,388,608.

Aliniambia nigawanye mwenyewe kwa 1,048,576. Nilipata 8, bila baki.

Nilikaa kimya. Kumbukumbu yote ilikuwemo. Kibandiko hakikusema uongo, na yule bwana wa Kitale hakuwa mwizi. Tatizo lilikuwa kwamba mfumo uliowekwa ndani ya kipakatalishi changu ulikuwa wa biti 32. Mfumo wa aina hiyo huandika anwani kwa tarakimu 32 za sufuri na moja. Hesabu yake ni mbili ikizidishwa kwa yenyewe mara 32, nayo ni anwani 4,294,967,296 pekee, yaani gigabaiti 4. Tena sehemu ya anwani hizo hutengewa vifaa vingine kama vile kadi ya kiwambo, ndipo zinabaki 3.2. Gigabaiti zilizobaki zilikuwa zimekaa pale, nzima, zina umeme, lakini hakuna anwani ya kuzifikia. Hata programu yangu ya sauti, kwa kuwa nayo ilikuwa ya biti 32, kwa kawaida ilipewa gigabaiti 2 tu za anwani zake.

Kisha akanipigia hesabu ya rekodi yangu. Kila sekunde ina sampuli 44,100, kila sampuli baiti 2, na mikondo ni 2: jumla baiti 176,400 kwa sekunde. Saa moja ni baiti 635,040,000. Saa nne ni 2,540,160,000. Na programu nyingi za sauti, zikiisha kusoma, hupanua kila sampuli mara mbili ili hesabu ziwe sahihi zaidi. Hapo tunazungumzia baiti bilioni 5 na zaidi. "Programu yenye adabu," alisema, "huuliza kwanza. Ikiona ghala halitoshi, huchukua kwa vibaba, dakika kumi kumi, si gunia zima." Aidha, alinionya kwamba hata swali la tatu lina mtego wake. Wanaotumia Linux husoma faili iitwayo /proc/meminfo, na humo mna tarakimu ya kumbukumbu isiyotumika kabisa na tarakimu nyingine ya kumbukumbu inayoweza kupatikana. Ya kwanza huonekana ndogo mno, kwa kuwa mfumo huazima nafasi iliyolala ili kuweka karibu vitu vilivyosomwa kutoka diskini. Programu ikihitaji, nafasi hiyo huachiliwa. Ile ya pili, iliyoongezwa mwaka 2014, ndiyo inayojibu kile mtu anachotaka kukijua.

Nilimwuliza kwa nini kidirisha nilichokisoma hakikuniambia haya yote. Akanifungulia ukurasa wa mipangilio ya mashine. Pale, katika mstari mmoja, palikuwa pameandikwa gigabaiti 8 zilizofungwa na 3.2 zinazoweza kutumika. Tarakimu zote mbili, bega kwa bega. Mwenye hasira haoni.

Usiku ule tulinakili rekodi zangu zote kwenye diski ya nje, tukaweka mfumo wa biti 64, na tulipoiendesha tena ile programu ya mistari ishirini, jibu la kwanza lilikuwa 7.8 na la pili 8. Tofauti iliyobaki, alisema, imetengewa kiwambo. Nilipaswa kulala kwa amani. Sikulala.

Kilichoninyima usingizi ni sentensi moja. Katika sura ya nne ya tasnifu yangu, ambayo nilikuwa nimekwisha kuipeleka kwa msimamizi wangu, nilikuwa nimeandika kuhusu Kuka, babu yangu anayeishi karibu na Chwele, kwamba "kutokana na umri, kumbukumbu ya mhojiwa imefifia kiasi cha kutotegemewa kwa data ya kihistoria." Nilikuwa nimeiandika kwa lugha ya kitaalamu, nikaipigia mstari, nikaona fahari. Ushahidi wangu ulikuwa mahojiano ya dakika kumi na mbili. Nilimsomea maswali kutoka kwenye hojaji, kwa Kiswahili sanifu, moja baada ya jingine. Baba yako alizaliwa mwaka gani? Hajui. Ulihamia hapa mwaka gani? Hajui. Sifa bainifu za mtambaji ni zipi? Ni kusema vizuri. Nikafunga kinasa sauti.

Asubuhi nilimwomba Senge anisindikize Chwele. Sikumweleza yote, nilimwambia tu kwamba nataka asikilize ninavyomwuliza Kuka, anirekebishe. Alinitazama kwa muda, kisha akasema niache yeye aulize.

Tulimkuta Kuka ameketi chini ya mti nyuma ya nyumba. Baada ya mulembe na habari za watoto, Senge hakumwuliza mwaka wowote. Alimwuliza kwa Lubukusu: baba yako alipashwa tohara na rika gani? Mzee aliinua kichwa. Alijibu bila kusita, akalitaja rika, kisha akaanza kuwataja wenzake baba yake waliosimama naye siku ile, nani mwana wa nani, nani alitoka ng'ambo ya mto, nani alikimbia akarudishwa. Kwa wale wasiowajua Wabukusu, jamii hii ina marika manane yanayozunguka kama magurudumu: Kolongolo, Kikwameti, Kananachi, Kinyikewi, Nyange, Maina, Chuma na Sawa. Vijana hutahiriwa kila baada ya miaka miwili, katika miaka ya shufwa, na miaka kadhaa ya tohara huunda rika moja. Ukilijua rika la mtu, umejua zama zake. Hii ndiyo kalenda ya Kuka. Kila tukio maishani mwake limewekwa kwa anwani hiyo.

Alisema kwa saa mbili na dakika arubaini. Alisimulia vita vya Lumboka na Chetambe vya mwaka 1895, namna alivyosimuliwa na babu yake. Hakutaja mwaka huo hata mara moja, ila alitaja rika lililokuwa likibeba mikuki, nami niliporudi mezani na kuhesabu, nilipata kwamba hakukosea. Nilipomwomba aswale kumuse kidogo ili nirekodi, alikataa katakata. Kumuse haiswaliwi bila msiba, alisema, na mimi sitaki kuuita msiba uje. Hilo nalo ni data, na hojaji yangu isingelipata.

Tulipokuwa tukiaga, nilimwuliza kwa nini hakuniambia hayo nilipokuja mara ya kwanza. Kuka alinijibu kwa Kiswahili, polepole, ili nisipoteze neno: "Wewe uliniuliza maneno ya kitabu. Kitabu mimi sina."

Waama, sijawahi kupokea maoni ya kitaaluma yaliyo mafupi na sahihi kuliko hayo. Nilikuwa nimeyasoma mengi kuhusu mbinu za utafiti nyanjani, nikayanukuu katika sura ya tatu, lakini sikuwa nimeelewa kwamba jibu la "sijui" huweza kuwa kipimo cha swali badala ya kipimo cha anayejibu. Mfumo wangu wa maswali ulikuwa na anwani za aina moja tu, yaani miaka ya kalenda. Palipoishia anwani zangu, niliandika kwamba kumbukumbu ya mzee ndipo ilipoishia. Sisemi kwamba wazee hawasahau. Wanasahau, kama ambavyo vipande vya kumbukumbu ya mashine huharibika. Ninachosema ni kwamba hatuna haki ya kuandika kwamba havipo kabla hatujauliza kwa njia inayovifikia.

Wiki ile ile nilipitia Kitale dukani. Nilimsubiri muuzaji ahudumie wateja wake, kisha nikamwomba msamaha mbele yao, maana nilimtusi mbele za watu na sikuona haki kumtaka radhi pembeni. Alinipa mkono. Akasema kwamba naye ana sehemu ya lawama. Siku ile alikuwa na nakala moja tu ya mfumo wa uendeshaji, akaiweka bila kufikiri. "Ungekaa, Mwalimu, tungeiona kwa dakika tano." Sikuwa na la kujibu.

Ningependa kumalizia kwa neno moja kwa wanafunzi na wahadhiri wenzangu wa Kiswahili. Nilipotaka kuandika makala haya nilikwama mapema, kwa sababu tunatumia neno moja, kumbukumbu, kwa mambo mengi: ukumbusho wa marehemu, maandishi ya mkutano, akili ya kukumbuka, na sehemu ya tarakilishi. Baadhi yetu huliita hata diski kumbukumbu, ilhali kazi ya diski ni kuhifadhi. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyosema Kiswahili, na kazi ile ilionyesha kwamba lugha yetu haishindwi. Hata hivyo, istilahi haziishi kwa kuchapishwa katika orodha. Huishi zinapotumiwa na watu wenye haja nazo. Mimi nilikuwa na haja. Kwa hiyo katika makala haya nimejaribu kutenganisha kumbukumbu iliyofungwa, kumbukumbu inayofikika, na kumbukumbu iliyo wazi, na nikaliacha neno hifadhi kwa ajili ya diski. Walio na maneno bora zaidi na wayalete katika toleo lijalo. Binamu yangu, ambaye huandika programu zake kwa Kiingereza lakini hunifafanulia kwa Kiswahili, amesema atayatumia.

Sentensi ile ya sura ya nne nimeifuta. Mahali pake nimeandika kwamba mhojiwa huyapanga matukio kwa marika na si kwa miaka, na kwamba mahojiano ya kwanza yalishindwa kwa sababu mhojaji hakulizingatia hilo. Msimamizi wangu ameandika pembeni alama ndogo ya vema, bila neno lolote. Na sauti ya Kuka, saa mbili na dakika arubaini, nimeihifadhi mahali patatu. Kila ninapotaka kuisikiliza, programu ya mistari ishirini hutangulia kuuliza kama nafasi inatosha.